Siku Niliporekodi Hewa

Nianze kwa kukubali: kwenye hii stori boya ni mimi. Hakuna wa kumsingizia. Mtaani Bagara wameshaicheka, kijijini Mutuka wameshaicheka, na mwenye mashine ya kusaga hapo jirani mpaka leo akipita mlangoni kwangu anauliza, "Leo unarekodi, au unarekodi hewa?" Kwa hiyo naona bora niisimulie mwenyewe, walau isiongezwe chumvi na watu wasiokuwepo.

Mimi nimesoma mpaka la saba. Kingereza changu kinaishia kwenye vitufe vya kompyuta. Lakini nina studio, chumba kimoja hapo Bagara, kuta nimebandika trei za mayai na mablanketi, na kwaya nyingi za vijiji vya huku zimepita humo. Wanakuja wamevaa sare. Kurekodi ni sauti tu, hakuna video, hakuna anayewaona zaidi ya mimi, lakini wanakuja na sare zimepigwa pasi mpaka tai. Nilishawahi kuwaambia wa kwaya moja kwamba maiki haioni. Mwalimu wao akanijibu, "Lakini sisi tunaonana."

Na kabla ya kuimba lazima waombe. Wanashika mikono, wanafumba macho, halafu mmoja anaombea mpaka vifaa. "Ee Bwana, ibariki mashine hii, itakase." Hapo ndipo nilikuwa naona aibu. Maana programu niliyokuwa narekodia ilikuwa ya wizi. Niliipata kwenye flashi ya jamaa, naye aliipata kwa jamaa, na ukifuata huo mstari mpaka mwisho hukuti hata mmoja aliyeinunua. Kuna kwaya nimewarekodi wimbo mzima wa kukataza wizi, na programu iliyorekodi imeibwa. Nilikuwa nafumba macho kwa nguvu kuliko wote.

Basi ile programu ikaanza kulipiza. Ilikuja na virusi ndani yake. Kwanza mafaili yote yakageuka shotkati, unabonyeza haifunguki. Halafu ikawa inajizima yenyewe katikati ya ubeti, mtu amepandisha sauti juu kabisa, mara kioo cheupe. Nikaibeba kompyuta nikaipeleka kwa dada mmoja mjini, ana kibanda cha kutengeneza kompyuta na kufundisha watu kuchapa. Huyu dada hana mchezo. Ukimtania anakuangalia mpaka utani wako unaisha wenyewe.

Akaniambia, "Virusi nitatoa. Lakini utarudi tena mwezi ujao, maana umezoea vya wizi."

"Sasa dada, nitafanyaje? Vya halali si vya matajiri?"

"Nani kakwambia?" Akafungua droo, akatoa flashi. "Humu kuna Linux, ile isiyochanganya. Huu ni mfumo mzima wa kuendesha kompyuta, si programu moja. Unatoa ule wa zamani, unaweka huu. Programu za kurekodi zimo humo humo. Kila kilichomo kimewekwa wazi. Mwenye akili ya kusoma anaweza kuangalia kinavyofanya kazi, akarekebisha, akampa na jirani yake, na hakuna wa kumkamata. Hakuna hata kipande kimoja kilichofichwa."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Ipo mingine inachanganya, wazi sehemu kubwa na siri kidogo, ili kila kifaa kiitike. Huu hauchanganyi. Ndiyo maana nisikilize vizuri. Usiuweke leo. Unaweza kuuwasha kutoka kwenye hiyo flashi bila kufuta chochote. Uwashe, chomeka kila kifaa chako, maiki, boksi la sauti, kila kitu. Kikiitika ndiyo uweke. Kisipoitika niite nije."

"Nimekuelewa dada."

"Rudia nilivyosema."

Nikarudia, neno kwa neno. Tatizo langu siyo kusikia.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi nilikuwa na kwaya ya kina mama na wazee wachache wa Mutuka, na hii haikuwa kazi ya kawaida. Mama anayewaongoza kuimba, yule anayeanzisha na wengine wanafuata, alikuwa na rovu. Shingo ilikuwa imevimba upande mmoja, na Jumatatu alikuwa anasafiri kwenda hospitali kubwa kufanyiwa upasuaji. Daktari alimwambia ukweli: utapona, ila sauti siwezi kukuahidi, inaweza kurudi vile vile, inaweza isirudi. Yule mama alikuwa anaongoza ile kwaya tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa na wimbo wake aliotunga mwenyewe, wa kumshukuru Mungu kwa mbaazi za mwaka ambao mahindi yote yalikauka. Huo wimbo haujawahi kurekodiwa popote. Alikuwa anataka huo mmoja tu ubaki, kwa sauti yake, wajukuu wausikie. Kwa sababu ya uvimbe pumzi yake ilikuwa fupi. Mwalimu wa kwaya alinipigia simu mapema akanionya, "Ataweza mara moja, ikizidi sana mbili. Uwe tayari tukifika."

Nikamwambia nipo tayari kuliko bwana harusi.

Ijumaa baada ya kula nikachomeka flashi. Mfumo ukawaka, kioo kikawa kizuri, safi, hakuna kitangazo kinachorukaruka. Nikaufungua wimbo mmoja, spika zikalia. Nikacheza peke yangu humo ndani. Kwa akili yangu, jaribio limeisha. Sauti inatoka, sasa unataka nini tena? Sikuchomeka boksi wala maiki. Nilipima mdomo wa mashine, sikio sikulipima.

Ukifika wakati wa kuweka, mfumo unakuuliza swali. Uuweke pembeni ya ule wa zamani, iishi yote miwili, au ufute wote ubaki huu? Mtu mwenye akili anaweka pembeni. Mimi nikaanza kufikiria yale maombi ya kesho. Nimekulia kwenye mikutano ya injili, nimeona watu wakiokoka. Mtu akiokoka hasemi nitaiweka hirizi kabatini kwanza, nione wokovu utaendaje. Anachoma yote mbele za watu. Nami nilitaka kesho wakiomba "itakase", iwe imeshatakasika tayari. Nyimbo za wateja zilikuwa salama kwa yule dada, alizitoa alipokuwa anaondoa virusi. Kwa hiyo nikabonyeza kufuta yote. Nikasimama kabisa wakati inafuta, mkono kifuani.

Jumamosi saa tatu asubuhi pikapu ikapaki nje, wakashuka na sare zao za zambarau. "Shikamooni," nikawasalimia wote kwa mkupuo. "Marahabaa." Nikapitisha beseni kukusanya simu zote, maana ni sheria ya studio yangu, simu ikiita inaharibu kazi. Nikazifungia simu zote za kwaya nzima kwenye chumba cha nyuma. Nataka msomaji alikumbuke hilo beseni, mimi sitalisahau.

Yule mama akakaa kwenye stuli, kitambaa shingoni. Mwembamba, anaongea taratibu. Akaniuliza, "Mwanangu, mashine nzima?"

"Mama, mashine imeokoka."

Wakacheka. Wakaomba. Nikafumba macho kwa amani, kwa mara ya kwanza tangu nifungue studio.

Halafu nikachomeka boksi la sauti. Hilo boksi ndilo linalopokea maiki zote na kuzipeleka kwenye kompyuta. Taa yake huwa inawaka kijani. Ikawaka nyekundu. Nikachomoa, nikachomeka. Nyekundu. Nikabadilisha waya. Nyekundu. Kwenye kioo kukawa kumeandikwa kitu kirefu cha Kingereza, na neno moja nikalielewa, lile la "hakuna". Nikataka kuingia mtandaoni kutafuta, hamna mtandao, kwa sababu kumbe na kidubwasha cha waifai cha kompyuta yangu nacho ni cha siri siri, nacho kimekataliwa mlangoni.

Baadaye dada alikuja kunieleza. Lile boksi kila likiwashwa linasubiri kompyuta ililetee kiprogramu chake kidogo, na mtengenezaji amekificha hicho kiprogramu, hakionyeshi kwa mtu. Ule mfumo haubebi vilivyofichwa. Kwa hiyo boksi lilikuwa limekaa pale kama mtoto mlangoni, anasubiri chakula ambacho mwenye nyumba hapiki. Lakini hayo niliyajua baadaye. Muda ule nilichojua ni kwamba watu kumi na kitu wenye tai wananiangalia.

Mwalimu wa kwaya akauliza, "Vipi fundi, tuanze?"

Hapo ndipo ulikuwa wakati wa kusema. Neno moja tu, subirini. Lakini mimi nilishasema mashine imeokoka. Na mdomo wangu una tabia ya kwenda mbele, mimi nabaki nyuma naukimbiza. Nikasema, "Twende kazi."

Kwa mpango wangu, nilidhani wataimba la kujaribia kidogo, nami huku chini nabonyezabonyeza mpaka boksi liamke. Nikafungua programu ya kurekodi. Yenyewe, isipoona kifaa chochote, inakupa nafasi ya kuendelea hivyo hivyo bila kifaa. Nikakubali. Nikabonyeza kitufe chekundu. Mstari ukaanza kutembea kwenye kioo kama kawaida. Kwa mtu asiyejua, tunarekodi. Kwa anayejua, mstari ule ulikuwa umelala kama barabara ya lami, hauna hata kilima kimoja.

Yule mama hakuimba la kujaribia. Alifumba macho akaanza.

Sitajaribu kueleza. Nimerekodi watu wengi, wengine wana majina huko redioni. Huyu aliimba habari za mbaazi, jinsi zilivyosimama kijani wakati mahindi yamekuwa makapi, na nikasahau kubonyezabonyeza. Wenzake walipomfuata, chumba kizima kikajaa. Nikavaa hedifoni, ambazo hazikuwa na kitu ndani, nikawa natikisa kichwa kwa mapigo. Alipofungua macho akaniona natikisa kichwa. Akaongeza. Ubeti wa tatu unapanda juu sana, na akaupanda wote, mshipa wa shingo umesimama pale kwenye uvimbe, hakuvunja hata neno. Walipomaliza, kina mama wawili walikuwa wanafuta machozi. Mwalimu wa kwaya akasema, "Hiyo ndiyo. Hiyo hairudiwi."

Mama akasema, "Tupigie tusikie, mwanangu."

Nikasema naomba niende chooni.

Chooni nikampigia yule dada. Nilikuwa na simu yangu, maana beseni halikunihusu mimi. Nikamweleza kwa kunong'ona. Halafu akauliza swali moja: "Umewaambia?"

"Bado."

"Nakuja na bodaboda. Nikifika nikute umeshawaambia. Nikikuta hujawaambia, nageuza."

Nikatoka. Nikasimama katikati ya chumba, nikaona hata utani umekimbia. Nikasema, "Samahanini. Haijarekodi."

Mwalimu wa kwaya akasema, "Sehemu gani haijarekodi?"

"Yote."

"Yote ipi? Si nilikuona mimi unatikisa kichwa?"

"Nilikuwa natikisa tu, mwalimu."

Mzee mmoja wa besi, mwenye sauti ya trekta, akasema polepole, "Kumbe tuliimbia trei za mayai." Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akauliza simu yake iko wapi, angerekodi na simu tangu mwanzo, na mwingine akasema, "Si ziko kwenye beseni la huyu." Wakaniangalia wote kwa pamoja. Sare zile zikianza kukuangalia pamoja ni mbaya.

Yule mama kiongozi hakufoka. Aliniuliza tu, "Sasa kile nilichoimba kiko wapi?"

"Kimeenda hewani, mama."

Akashika kitambaa chake cha shingoni, akakirekebisha. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kukwaruza. Mwalimu wa kwaya akasema, basi jamani, simu zirudishwe, tujaribu na simu. Mama akatikisa mkono. "Simu ninayo nyumbani. Mimi nimekuja studio." Halafu akanigeukia, "Niletee maji ya moto. Ya kunywa, siyo ya vuguvugu."

Nikachemsha maji. Nilivyokuwa napuliza jiko nilijua kabisa kwamba kama sauti haitarudi baada ya kikombe hicho, basi Jumatatu inaondoka nayo, na wajukuu wake watasimuliwa tu kwamba bibi alikuwa anaimba.

Dada akafika. Akasalimia wakubwa shikamoo mmoja mmoja, mimi akaniruka. Akaliangalia boksi, akasema, "Hili leo halitaongea, liondoe." Akauliza kompyuta ina tundu lake lenyewe la maiki, lile dogo la pembeni? Inalo. Nilikuwa silitumii, niliona ni la watoto. Akasema tundu hilo mfumo unalijua vizuri, halina siri. Maiki yangu kubwa hailiwezi, inataka boksi. Nikakumbuka ile maiki ya kutangazia, ya kawaida, ninayokodisha kwenye misiba na harusi. Kichwa cha waya hakikuingia. Mpiga kinanda wao akatoa kwenye mfuko wake kiunganishi anachotumia kuchomeka hedifoni, kikaingia.

Dada akabonyeza. Mstari ukaanza kutembea. Akasema, "Ongea."

Nikasema, "Mimi ni boya."

Vilima vikatokea kwenye kioo. Akapiga nilichorekodi, chumba kizima kikanisikia kwenye spika nikisema mimi ni boya. Hapo sasa ndiyo wakacheka.

Shida ikabaki kwamba maiki ni moja na watu ni wengi. Tukawapanga kwa umbali. Mama kiongozi shubiri mbili kutoka kwenye maiki. Kina mama wengine nusu duara nyuma yake. Sauti za kati karibu na mlango. Wale wa besi tukawatoa nje barazani, mlango wazi, na yule mzee wa trekta tukamsogeza mpaka kwenye ngazi. "Nimekuja kurekodi, mmenifanya mlinzi," akasema. Kila mara dada anarekodi kidogo, anasikiliza, anasema wewe hatua moja nyuma, wewe mbele. Sikujua kama unaweza kuchanganya sauti kwa kuwasogeza watu. Mimi nilizoea kusogeza vitufe.

Mlango ukiwa wazi, mashine ya kusaga ya jirani inaingia yote. Nikakimbia kwenda kumwomba azime. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kifupi. Akatazama foleni ya ndoo za mahindi, akatazama shingo ya yule mama kupitia mlangoni, akasema, "Wimbo mmoja tu. Ukiisha nawasha, mmemaliza hamjamaliza."

Akazima. Mtaa ukawa kimya mpaka nikasikia kuku.

Mama akaanza. Sauti haikuwa ile ya kwanza. Ilikuwa na kutu kidogo chini yake. Mimi safari hii sikuvaa hedifoni wala kutikisa kichwa, nilikaa nakodolea vilima. Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu ulipopanda, sauti ikakatika. Ikakatika kabisa, kama uzi. Hakuacha. Akashuka chini, akauimba ule mstari kwa sauti nyingine nzito, karibu kama anaongea, na wenzake wakaenda juu bila yeye kuwaambia. Wakafika mwisho hivyo. Dada akabonyeza kusimamisha, na kabla hatujapumua mashine ya kusaga ikanguruma.

Jumatatu akasafiri.

Mimi nikabaki na ile kazi. Kwenye programu ya zamani nilikuwa na kitu cha kunyoosha sauti, ikipinda unaibana inakaa. Humu sikukipata kile nilichokizoea, vipo vingine lakini nilikuwa bado sijavijua. Kwa hiyo sikunyoosha kitu. Nilipunguza mvumo wa maiki, nikapandisha kina mama kidogo, nikaacha. Kuku mmoja anasikika mwishoni, nikamwacha naye. Boksi langu nikabadilishana na jamaa mwingine, nikapata la kizamani lisilohitaji kulishwa chochote. Mfumo sikuutoa. Watu wananiuliza kwa nini, baada ya aibu yote ile. Nawaambia siku ile mashine iliandika ukweli kwenye kioo, tena mapema. Aliyedanganya alikuwa amevaa hedifoni.

Mama alirudi mahindi yakiwa yamefika magotini. Alikuja studio mwenyewe, na mume wake, kitambaa kipya shingoni. Nikamwamkia. Alipoitikia "marahaba" nikashtuka, maana ilitoka chini kabisa, nzito, imekauka. Daktari amesema huenda ikapanda kidogo, huenda imefika mwisho. Nikawawekea wimbo. Walisikiliza mpaka mwisho, mume wake kainama. Ilipofika pale ilipokatika, mama alinyoosha shingo kidogo, basi. Nikamwambia naweza kujaribu kupaficha pale. Akasema paache. Nikampa nakala kwenye flashi, nikamwambia agawe anavyotaka, amnakilie kila mjukuu. Halafu nikaanza kumwomba msamaha kwa ile ya kwanza. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, kwa mara ya kwanza siyo ya utani.

Akanikatiza na ile sauti yake mpya. "Kijana, mume wangu anasema sasa hivi nikimwita shambani anadhani ni kaka yangu. Basi kwaya nimewaambia nahamia besi, nikasimame barazani na yule mzee. Tuna wimbo mwingine, tutakuja. Ila safari hii washa kwanza, ndiyo utikise kichwa."